UZI: Ernie Brandts, alijifunga Kombe la Dunia akasawazisha mwenyewe, Jangwani (Yanga) akafukuzwa kwa mechi ya bonanza

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kijiweni ulizuka ubishi wa makocha wazungu waliopita ligi yetu. Mara Maximo, mara Pluijm, mara Logarusic. Mimi nikamtaja Ernie Brandts. Dogo mmoja mwenye jezi ya Yanga, nadhani mwaka 2013 alikuwa darasa la pili, akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Si yule aliyefukuzwa kwa kupigwa na Simba kwenye bonanza la Mtani Jembe?"

Ndiye. Lakini iliniuma. Yule mzee aliyekuwa akisimama pembeni ya uwanja pale Taifa amecheza fainali ya Kombe la Dunia, dakika zote 120, hakutolewa. Na siku nne kabla ya fainali hiyo alifanya kitu ambacho hakuna mchezaji aliyewahi kukifanya kwenye Kombe la Dunia kabla yake: alizifungia goli timu zote mbili ndani ya mechi moja.

Sasa mtu wa namna hiyo kapita hapa, katupa ubingwa, na kilichobaki vichwani mwetu ni bonanza la Desemba. Nitashusha kwa vipande maana naandika kwa simu na umeme wetu mnaujua. Msinikimbize.

#2

Nimekaa mkao wa kula. Kahawa ninayo, kashata ninayo. Shusha mkuu.

#3 (mwanzisha uzi)

Kazaliwa Februari 1956, Nieuw-Dijk, kijiji cha mashariki mwa Uholanzi jirani na mpaka wa Ujerumani. Akaanza na De Graafschap, timu ya maeneo ya kwao, sio timu ya kutisha. Beki wa kati. Mwaka 1977 PSV Eindhoven wakamchukua.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mbio. Msimu wake wa kwanza tu PSV chini ya kocha Kees Rijvers wanachukua ligi, wanachukua na Kombe la UEFA. Nusu fainali waliitoa Barcelona, na Barcelona ile ilikuwa na Johan Cruyff ndani. Fainali wakaifunga Bastia ya Ufaransa 3-0 nyumbani baada ya sare ya 0-0 ugenini. Hiyo ni Mei 1978. Juni 1978 kijana yuko Argentina na timu ya taifa.

Uholanzi ile haikuwa na Cruyff. Alishastaafu timu ya taifa. Kocha alikuwa Ernst Happel, Mwaustria mnuna. Brandts alikuwa na miaka 22, na mgongoni kavaa jezi namba 22, namba ya mwisho kabisa ya kikosi. Ukiiona orodha ile utasema huyu kaja kubeba maji.

Raundi ya pili wakapangwa na Austria, Ujerumani Magharibi na Italia, anayeongoza kundi anakwenda fainali moja kwa moja, hakukuwa na nusu fainali mwaka ule. Mechi ya kwanza na Austria, goli la kwanza la Uholanzi kafunga nani? Brandts, dakika ya sita. Ikaisha 5-1. Na Wajerumani wakatoka 2-2. Ikabaki Italia, tarehe 21 Juni, Buenos Aires. Uholanzi walihitaji sare tu kwa sababu ya yale magoli matano.

#4

Endelea, usituache njia panda kama tamthilia za Kifilipino.

#5 (mwanzisha uzi)

Video ipo, mtafute wenyewe, mimi nimeiangalia pengine mara thelathini.

Dakika ya 19, Roberto Bettega wa Italia anapenyezewa mpira katikati ya mabeki. Brandts yuko nyuma yake hatua moja hivi. Kipa Piet Schrijvers, jitu la miraba minne, anatoka golini. Brandts anajirusha kuukata mpira. Anaupata kweli, tatizo anaupata kwa ncha ya kiatu na unakwenda kwenye nyavu zake mwenyewe. Halafu mwili wake, kwa mwendo uleule, unamwingia Schrijvers miguuni. Kipa hainuki. Anatolewa, anaingia Jan Jongbloed.

Yaani ndani ya dakika mbili kijana wa miaka 22 kaifunga timu yake na kamvunja kipa wake. Kwenye mechi ya kuamua nani acheze fainali. Kila mmoja wetu ashike kifua ajiulize angefanyaje. Mimi ningeomba kutoka, ningesingizia hata nyama za paja.

Mapumziko 1-0. Kipindi cha pili hata dakika tano hazijatimia, mpira unazagaa mbele ya boksi la Italia, Waitaliano wanaondoa, unarudi. Nani kafuata nini huko mbele? Namba 22. Beki wa kati. Hakutuliza, hakuangalia kushoto wala kulia, aliuchapa palepale ukaenda juu pembeni, na aliyekuwa golini ni Dino Zoff. Zoff aliruka kwa heshima tu.

1-1. Baadaye Arie Haan akafumua lile shuti lake la mbali, ukagonga mwamba wa pembeni ukaingia, 2-1, Uholanzi fainali.

Kinachonivutia sio goli lenyewe. Ni kwamba mtu aliyetoka kuharibu namna ile alipata wapi ujasiri wa kupanda mbele na kupiga bila kufikiri. Kikaidi kabisa. Na Happel hakumtoa. Hilo likumbukeni, nitalirudia tukifika Jangwani.

#6

Mkuu, rekodi hiyo si ya Mandzukic? Fainali ya 2018 alijifunga na akafunga, Croatia na Ufaransa.

#7 (mwanzisha uzi)

Mandzukic ni wa kwanza kufanya hivyo kwenye FAINALI. Kwenye Kombe la Dunia kwa ujumla Brandts alimtangulia kwa miaka 40. Mandzukic mwenyewe goli lake la pili lilikuwa la zawadi, kipa Lloris alitaka kumpiga chenga.

Fainali yenyewe mnaijua. Argentina 3-1 baada ya muda wa nyongeza, Kempes mawili, Bertoni moja, Nanninga akiwa amewasawazishia Waholanzi dakika ya 82. Na dakika ya 90 Rensenbrink alipiga mwamba. Mwamba ule ungekuwa mwembamba kwa sentimeta chache, leo Yanga tungekuwa tunasema tulifundishwa na bingwa wa dunia.

#8

"Tungekuwa tunasema." Kumbe uzi ni wa Utopolo huu. Nilijua tu.

#9 (mwanzisha uzi)

Sijawahi kujificha mkuu. Mwananchi tangu utoto. Kaa usome, kuna sehemu yako inakuja na utafurahi.

Nipite haraka miaka ya kati. PSV alikaa mpaka 1986, akaondoka na ubingwa mwingine wa ligi, akacheza Roda JC na MVV, akamalizia De Graafschap alikoanzia. Timu ya taifa mechi 28, magoli matano, beki! Kisha ualimu, kwanza kama msaidizi.

Kazi iliyomtoa kama kocha mkuu ni NAC Breda, 2006 mpaka 2008. Msimu wa 2007/08 NAC walimaliza nafasi ya tatu ligi kuu ya Uholanzi. Kwa asiyejua, NAC ni timu ya kupigania isishuke, wenye nafasi tatu za juu kule ni Ajax, PSV na Feyenoord kama vile zimeandikwa kwenye katiba. Unampeleka NAC wa tatu, unategemea nini? Msimu ulipoisha akaondoka, kiti kikakaliwa na Robert Maaskant. Baada ya hapo Iran, timu ya Rah Ahan. Kisha Kigali, timu ya APR.

#10

Hapa Kigali naomba nichangie, nilikuwa nasoma kule wakati huo. APR ni timu ya jeshi, ina nidhamu ya kijeshi kweli. Huyo mzee aliwaweza. Mazoezi yao yalikuwa mafupi ila hupumui, na alikuwa anasimamisha mazoezi kumwonyesha beki namna ya kuweka mguu, yeye mwenyewe na miaka yake hamsini na kitu. Ubingwa wa Rwanda walichukua akiwa pale. Haruna Niyonzima na Mbuyu Twite wote mliwatoa APR, msijifanye hamjui.

#11 (mwanzisha uzi)

Asante mkuu, ndicho nilitaka kusema. Alipokuja Dar alikuta watu wa APR wamemtangulia Jangwani.

Septemba 2012. Kumbukeni hali ilivyokuwa. Mei mwaka huo tumepigwa tano bila na Simba. Tano. Sitaki maelezo. Julai Manji anachaguliwa mwenyekiti, Mbelgiji Tom Saintfiet anatupa Kombe la Kagame pale Taifa, APR tukiwa tumewatoa nusu fainali kwa goli la Kiiza. Tukadhani tumefika. Ligi inaanza: suluhu na Prisons Mbeya, kisha Mtibwa wanatutandika 3-0 Morogoro. Mechi mbili tu, Saintfiet kafungashiwa. Na Kagame yake mkononi.

Hapo ndipo Brandts anaingia. Yaani kabla hajafungua begi alikuwa ameshaonyeshwa kwamba hapa kikombe hakikulindi.

Mechi yake ya kwanza ya watani, Oktoba 3, sare 1-1, Kiemba kwao na Bahanuzi kwa penalti kwetu. Akaijenga timu taratibu. Januari 2013 timu ikapelekwa kambi Antalya, Uturuki, watu wakacheka, wakasema wamekwenda kupiga picha. Waliporudi hawakucheka tena. Nyuma Yondani na Cannavaro, Twite anacheza popote anapowekwa, katikati Chuji, Domayo na Niyonzima, pembeni Msuva bado mtoto anakimbia kama kaiba, mbele Kavumbagu na Kiiza. Ubingwa ukawa wetu kabla ligi haijaisha, na mechi ya kufungia ilikuwa Mei 18 dhidi ya nani? Mnyama, Simba. 2-0, Kavumbagu mapema, Kiiza kipindi cha pili. Mwaka mmoja na siku kadhaa baada ya zile tano.

#12

Nani alikuwa anamlipa? Kocha yeyote na kikosi kile angechukua. Simba ile ilikuwa imeshajifia yenyewe, watu wameuzwa, ndani vurugu tupu. Msitake kumfanya profesa.

#13

Naunga mkono #12. Halafu mwanzisha uzi unaruka Oktoba 20, 2013 makusudi. TATU BILA zikawa TATU TATU. Tulikuwepo.

#14 (mwanzisha uzi)

Siruki. Nilikuwepo hata mimi, jukwaa la orenji.

Mpaka mapumziko 3-0. Ngassa moja, Kiiza mawili. Mbele yangu alikaa mzee wa Simba na mjukuu wake wa kama miaka saba, kamvalisha jezi nyekundu inamfika magotini. Goli la tatu lilipoingia mzee akasimama, akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Akapishana na muuza karanga pale kwenye ngazi. Sisi tukamwimbia. Mimi mwenyewe niliimba, sikatai.

Kipindi cha pili Kibadeni, kocha wa Simba, akaingiza madogo, Ndemla na William Lucian "Gallas". Mwombeki akafunga. Dakika nne mbele, Owino kwa kichwa. Uwanja upande wetu ukanyamaza, ukawa unasikia hata vuvuzela moja moja upande wa pili. Na mimi namwangalia Brandts. Kasimama, mikono mfukoni. Dakika ya 85 Gilbert Kaze, 3-3.

Nikageuka. Yule mzee yuko kwenye ngazi, karudi, mtoto kampakata begani, na anamwangalia mtu mmoja mmoja katika sisi tuliomwimbia. Hakusema neno. Afadhali angetukana.

Sasa niambieni. Kosa ni la kocha? La kocha lipo: hakubadilisha kitu mpaka maji yamezidi unga. Mtu aliyejua kwa mwili wake kwamba mechi haiishi mapumziko, yeye aliyerudisha goli mbele ya Zoff, akashindwa kuwaambia vijana wake kwamba wa upande wa pili nao wanaweza kurudisha. Hilo namlaumu mpaka leo.

#15

Yule mzee nadhani ni baba mkwe wangu, hiyo stori anaisimulia kila Idi 😂😂

#16

Haya twende Mtani Jembe sasa. Makolo, sisi wa Simba, tumekaa kimya tunasubiri.

#17 (mwanzisha uzi)

Desemba 21, 2013. Mechi ya mdhamini, haina pointi, haina kombe la maana, mashabiki wanapiga kura kwa kunywa bia. Sisi tuna Okwi kasajiliwa, tuna Kaseja kavuka barabara kutoka Msimbazi kwa Simba. Simba wana Logarusic ndiyo kwanza kafika. Wakatupiga 3-1. Tambwe mawili, Awadh Juma moja, Okwi akafunga la kufutia machozi mwishoni.

Siku chache tu, Brandts hana kazi.

Someni msimamo wa ligi siku hiyo. Mzunguko wa kwanza umeisha, Yanga inaongoza kwa pointi 28. Azam 27, Mbeya City 27, Simba yuko nyuma huko na 24. Bingwa mtetezi, kinara wa ligi, anafukuzwa kwa mechi ambayo haiandikwi popote. Mwisho wa msimu Azam wakachukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja, sisi wa pili.

Happel alimwacha uwanjani aliyejifunga na kumvunja kipa, akarudi na goli. Sisi tulimtoa aliyekuwa anaongoza.

#18

Mkuu umeandika vizuri ila unachagua ushahidi. Aliyemrithi ni nani? Hans van der Pluijm, Mholanzi mwenzake, kipa wa zamani wa FC Den Bosch. Miezi miwili tu tukampiga Al Ahly 1-0 Taifa, kichwa cha Cannavaro, kule Misri wakarudisha wakatutoa kwa matuta. Kwa Brandts uliwahi kuona Yanga inaisumbua Al Ahly? Halafu Pluijm akaja kuchukua ligi mbili mfululizo, 2014/15 na 2015/16, na makundi ya Kombe la Shirikisho 2016. Kwa hiyo viongozi walikosea utaratibu, mtu hawakukosea.

#19 (mwanzisha uzi)

Hoja nzito hii, naivulia kofia. Pluijm alikuwa bora zaidi kwa Yanga, nakubali bila kinyongo.

Lakini naomba uangalie na huyo Pluijm walimfanyaje. Alikaa nusu msimu, akaondoka, akaletwa Maximo. Maximo akafukuzwa lini? Desemba 2014, baada ya kufungwa 2-0 na Simba kwenye MTANI JEMBE YA PILI. Bonanza lilelile! Ndipo wakamrudisha Pluijm. Na alipomaliza kuchukua hizo ligi zake, 2016 kiti akapewa Lwandamina. Kwa hiyo usiniambie mtu walikuwa wanamjua. Walikuwa wanajua Desemba.

#20

😂😂😂 "Walikuwa wanajua Desemba". Mods wekeni huu uzi juu.

#21

Mimi wa Simba, na nasema ukweli wa Mungu: timu ya Brandts ya 2013 ndiyo Yanga pekee ya miaka ile iliyokuwa inanikosesha usingizi kwenye kona. Beki zake zilikuwa zinapanda kama yeye alivyopanda kwa Italia. Sikuwahi kujua kwa nini mpaka leo nimesoma #5.

#22

Baada ya Yanga alikwenda wapi? Alistaafu?

#23 (mwanzisha uzi)

Alirudi kwao. 2014/15 alikuwa na FC Dordrecht, timu ndogo iliyokuwa imepanda ligi kuu ya Uholanzi. Msimu hakuumaliza, wakamwondoa, na timu ikashuka hivyohivyo. Hapo sina utetezi, timu ilikuwa inapigwa kila wiki.

#24

Swali la mwisho mkuu, samahani nimechelewa. Yule kipa aliyemvunja, Schrijvers. Alipona akacheza fainali?

#25 (mwanzisha uzi)

Hakucheza. Fainali alidaka Jongbloed, ambaye jezi yake ilikuwa namba 8, kipa mwenye namba 8, kaangalieni picha. Schrijvers alirudi uwanjani baadaye na akaendelea kudaka miaka mingi. Amefariki 2022, Jongbloed akamfuata 2023.

Umeme ndio huo umekatika, chaji asilimia nne. #12 kesho nakujibu la kikosi.